Mwaka wa Oili Safi

Wanaume waliporudi kutoka kumzika kaka yangu Yusuf mwezi uliopita, sheikh alisimama uani akaomba kila mwenye haki kwa marehemu amsamehe. Sisi wanawake tulikuwa tumejaa chumbani, magoti yakigusana juu ya mikeka, tukaitikia kwa pamoja kwamba tumemsamehe. Nami niliitikia, tena kwa sauti. Kisha mazungumzo yakaanza, kama yanavyoanza kwenye kila msiba, na binamu mmoja aliyekuja kutoka Nairobi akasema kwamba Yusuf hakuwahi kusema uongo maisha yake yote. Wenzake wakasema mashallah. Mimi nikainuka nikasema naenda jikoni kuangalia chai. Chai ilikuwa na watu wake wa kuiangalia, lakini ilinibidi nisimame mahali ambapo hakuna anayemsifu, maana neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, na neno lenyewe halisemwi nyumba ya msiba.

Nitalisema hapa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimekifundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na kwa sababu Kisomali cha wajukuu wangu wa Nairobi kinatosha kuombea chai tu. Wao wananijua kama ayeyo, bibi mwenye maneno makali na miwani. Hawajui kwamba palikuwa na mwaka, katikati ya miaka ya tisini, hapa hapa Garissa, ambapo nilijua kubadilisha oili ya lori kuliko nilivyojua kupika pilau. Nilikuwa mke wa Bishar wakati huo. Nilikuwa na furaha pia, na hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi hadi leo.

Lori tulilinunua kwa ngamia wangu wa meher. Kwetu meher, yaani mahari, ni mali ya mwanamke, haiguswi bila ridhaa yake, na ngamia wale walikuwa porini na jamaa zetu upande wa Hadado, wanazaa taratibu. Bishar alinijia na habari ya lori jioni moja tukiwa tumekaa mkekani, yeye, mimi na Yusuf, chai ya maziwa ya ngamia katikati yetu na sahani ya anjera, chapati zetu laini za unga uliochachushwa. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo Yusuf ndiye aliyekuwa walii wangu, ndiye aliyeniozesha. Bishar alisema, "Kaltuma, ngamia wako wako kule wanangoja ukame uwamalize. Tuwageuze lori. Nusu iwe yako, nusu iwe yangu, na Mungu ni shahidi." Nikamwambia Mungu simwoni kwenye mkeka huu, nataka na shahidi anayekula anjera. Yusuf akacheka mdomo umejaa, akainua kidole chake cha shahada, akasema, "Mimi ni shahidi, abayo. Nusu ni yako." Abayo ndivyo tunavyomwita dada kwa mapenzi. Nikaongeza sharti moja, kwamba Yusuf naye aende na lori kila safari, asimamie mizigo na awe jicho langu. Wote wawili wakakubali haraka, na nikaona nimeshinda.

Lori lilipofika lilikuwa la mkono wa pili, kichwa cha buluu kilichopauka, mbao za ubavuni zimekwanguliwa na kwato za ng'ombe. Tuliliegesha uani, likala nafasi yote, hata kamba ya kuanikia nguo tukaifunga kwenye kioo chake. Lilibeba sukari, unga na mchele kwenda Habaswein, Wajir na Griftu, na kurudi na mbuzi kwa mnada wa Garissa, watu wamekaa juu ya mizigo au juu ya fito zilizolazwa juu ya mbuzi. Bishar alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Zamani, alipokuwa akiendesha gari la mtu mwingine, mafundi wa gereji moja ya mjini walimng'olea vitu vizima wakamtilia vikuukuu, na alipopiga kelele, "Mumebadilisha fitu yangu!" walicheka ile fitu yake, maana ulimi wa Kisomali hauna v, badala ya kumjibu. Tangu siku hiyo akaapa hakuna fundi atakayegusa injini yake. Njiani unaongeza oili ikipungua, basi. Kubadilisha ni kazi ya nyumbani, alisema, uani kwako, mbele ya mtu unayemwamini. Alilirudia neno hilo hata kwa wageni, na alipofika kwenye mtu unayemwamini alinielekezea mimi kidevu, nami nilijifanya nashughulika na birika.

Alinifundisha mwenyewe. Nilivaa suruali yake kuukuu ndani ya baati, gauni langu pana la nyumbani, nikajifunga shashi, kitambaa changu cha kichwa, nyuma ya shingo, nikaingia chini ya lori kwa mgongo juu ya gunia. Kwanza unaliacha lingurume kidogo, injini ipate joto, maana oili baridi haitoki na uchafu wake. Unazuia magurudumu kwa mawe. Unaweka karai chini ya samp, lile bakuli la injini linalohifadhi oili, unalegeza nati yake kwa spana kisha unamalizia kwa vidole, na hapo ndipo unapojua kama una akili, kwa sababu usipoutoa mkono haraka oili inakushuka hadi kwapani. Mara ya kwanza ilinishuka hadi kwapani. Bishar alicheka akiwa amelala kando yangu kule chini, akanishika kidole gumba na cha shahada akavisugua pamoja ndani ya ile oili nyeusi, akasema, "Sikiliza kwa vidole. Ukisikia mchanga, injini inajila." Nati yenyewe ilikuwa imechakaa meno, inavuja, kwa hiyo tuliizungushia nyuzi za gunia la sukari zilizopakwa grisi kabla ya kuirudisha. Kisha filta mpya, mpira wake unaupaka oili kwa ncha ya kidole, unaikaza kwa mkono tu. Tulipokuwa tukingoja oili ya zamani itone yote, tulikunywa chai pale pale chini, tumeegemea gurudumu, na tulikula anjera kwa mikono inayonuka dizeli. Sijawahi kula anjera tamu kama zile, na nimekula nyingi.

Majirani walisema, bila shaka. Walisema Bishar ameoa fundi, wakasema nitazaa mtoto mwenye spana mkononi. Aliyenitetea ni Edo Shamsa, mama mzee wa boma la pili, tuliyemwita edo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa damu moja. Alinitetea kwa sababu zake. Oili chafu kwetu haimwagwi. Ngamia akishikwa na upele, unampaka ile oili nyeusi iliyotumika, na nguzo za nyumba ukizipaka mchwa hawazili. Kila tulipobadilisha oili, Edo Shamsa alikuwa ameshakaa mchangani na jerikeni lake kabla sijalegeza nati, akiniuliza habari za tumbo langu, kama limeshika kitu. Halikuwa limeshika. Nilimwambia Mungu yupo. Aliniambia ndiyo, yupo, lakini na mwanamume naye awepo nyumbani.

Maana Bishar alikuwa ameanza kukawia. Mvua zilinyesha, na kila aliyesafiri barabara ile enzi hizo anajua matope ya Habaswein, lori linaweza kulala pale mpaka dereva aanze kufuga ndevu. Niliamini matope. Lakini matope yalikauka na bado walikawia, na walirudi wamepumzika, nguo za Bishar zimefuliwa, zimefukizwa unsi, udi wetu, wa harufu nisiyoijua. Nikasema labda wamefikia kwa jamaa. Yusuf yupo, nikajiambia, jicho langu lipo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi niliisema methali hiyo mara nyingi nikifikiria watu wengine.

Siku moja walirudi kutoka Griftu asubuhi. Bishar alinipa nyama kavu aliyoniletea, nyirinyiri kwenye kopo, akaniambia, "Oili iache safari hii, nitaifanya mwenyewe kesho." Akaenda mnadani na Yusuf. Mimi nikaona mume wangu amechoka, nimfurahishe, akirudi akute kazi imekwisha. Sikuvuta hata ile stiki ya kupimia oili. Kwa nini nivute? Lori lilikuwa limekwenda Griftu na kurudi, na injini inayorudi kutoka kule oili yake ni nyeusi, huhitaji kuuliza. Nikaweka mawe, nikaingia chini, Edo Shamsa akakaa na jerikeni lake. Nilipolegeza nati vidole vyangu vilishika uzi laini. Niliutazama. Ulikuwa uzi wa sufi, mwekundu, ule wanaoutumia wanawake kufumia mapambo ya mikeka. Nyumbani kwangu hakukuwa na sufi nyekundu. Oili ikashuka kwenye karai, na ilikuwa na rangi ya asali.

Edo Shamsa alichovya kidole, akakinusa, akasema, "Kaltuma, umekosea. Hii umenimwagia ya dukani." Nikamwambia imetoka kwenye injini, edo. Akaitazama tena, akautazama ule uzi mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. Yeye naye alikuwa amemsikia Bishar akisema oili hubadilishwa nyumbani, mtaa mzima ulikuwa umemsikia. "Hii haiponyi upele," akasema polepole. "Irudishe kwenye gari, mwanangu." Akabeba jerikeni lake tupu akaenda zake. Nilibaki chini ya lori nikipiga hesabu. Mume wangu angelala njaa kuliko kubadilisha oili barabarani au kwa fundi. Kama ilibadilishwa, ilibadilishwa nyumbani, na kama haikuwa nyumbani kwangu, basi alikuwa na nyumba nyingine. Niliichuja ile oili kwa kitambaa safi, nikaurudisha ule uzi mwekundu kwenye nati kwa mikono yangu mwenyewe, nikaimimina oili yote mahali pake.

Bishar nilimuuliza wakati wa chakula cha mchana, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama oili ilipungua njiani. Akasema haikupungua, ni ile ile niliyotia mimi, oili nzuri ile. Yusuf nilimuuliza alasiri, akiwa peke yake anatawadha. Akasema, bila kuinua uso, kwamba walibadilisha Habaswein kwa sababu injini ilipata joto. Uongo wao ulikuwa haujakutana. Mngekubaliana kwanza, nilitaka kumwambia, mngenipa heshima hiyo angalau. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa bado natafuta njia ya kumtoa Yusuf ndani ya jambo lile. Nilijiambia amefichwa, amelazwa mahali pengine, haoni. Mtu ukimpenda unamtafutia udhuru hata asiouomba.

Udhuru uliisha baada ya sala ya adhuhuri siku mbili tatu baadaye. Nilikuwa nimesema nakwenda sokoni, kisha nikakumbuka kwamba springi za nyuma hazijapigwa grisi, nikaingia chini ya lori na bomba la grisi kabla ya kwenda. Bishar na Yusuf walirudi kutoka msikitini wakakaa upande wa kivuli, migongo yao kwenye gurudumu, umbali wa mkono kutoka kichwa changu. Nilisikia chai ikimiminwa. Nilisikia Yusuf akisema, "Mwambie kabla hajaambiwa na watu." Bishar akasema, "Nitamwambia. Wewe usinisukume. Ulikaa shahidi pale Griftu, mbuzi wa harusi ulimla, hukuniambia nimwambie." Yusuf akasema alikuwa na njaa, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kuzoea jambo. Kisha Bishar akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kunisifia mimi kwa wageni, "Sahara ana mkono mwepesi, wallahi. Mara moja tu nilimwonyesha. Filta anaikaza bila kumwaga hata tone. Huyu wa hapa alichukua mwezi."

Nitasema wazi kilichoniuma, kwa sababu watu hudhani wanajua. Mke wa pili dini imemruhusu, na mimi si mwanamke wa kwanza wala wa mwisho kupata mke mwenza, ningelia, ningegomba, pengine ningekaa. Kilichoniuma ni kwamba alimlaza mwanamke mwingine kwenye gunia, chini ya lori la ngamia wangu, akamshika vidole viwili akavisugua ndani ya oili na kumwambia asikilize. Nilidhani ile ilikuwa yetu. Na kaka yangu alikuwa amekaa pale kivulini kwa Sahara akinywa chai, akingoja oili itone. Kwa mwaka mzima walikuwa wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikijiona nimenona. Nililia bila sauti, nikamaliza kupiga grisi springi ya mwisho, kisha nikajiburuta nikatoka upande wao.

Bishar alimwaga chai. Yusuf hakusogea. Nikawaambia, "Endeleeni. Mlikuwa mmefika kwenye filta." Bishar akaanza kusema alikusudia kunieleza, kwamba watoto, kwamba moyo wa mwanamume. Nikamwambia yeye nitamjibu baadaye, nikamgeukia Yusuf. "Abowe," nikamwita, kama nilivyomwita kaka yangu tangu nilipojua kusema, "nilikupeleka uwe jicho langu." Akajibu akiangalia kikombe, "Dini imemruhusu, Kaltuma. Ningefanya nini?" Nikamwambia, "Ungesema. Mdomo unao, nimekulisha mimi mwenyewe." Siku ile hakuniita abayo.

Niliomba talaka, na nusu yangu ya lori. Talaka haikuwa na ugumu, Bishar alichoka na ulimi wangu kabla ya wiki kwisha. Ugumu ulikuwa lori. Wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwetu, kwenye zulia, birika za chai na mchele na nyama ya mbuzi vikipita, na mimi nikakaa mlangoni na shashi imefunika mdomo kama ilivyopasa. Bishar alisema ngamia nilimpa kwa mapenzi, mke kwa mumewe, na zawadi hairudishwi. Mimi nilisema tuliingia ushirika, nusu kwa nusu, na shahidi yupo hapa anakula. Mzee mkuu akasema jambo ni jepesi basi, akamgeukia Yusuf, akamkumbusha Mungu, akamuuliza kama alisikia neno la nusu. Nakumbuka nilikuwa na hakika. Baada ya yote yale, nilikuwa bado na hakika kwamba damu yangu haitaniangusha mbele za watu. Nilikuwa hata nimeanza kumtafutia maneno ya kumshukuru.

Yusuf akafuta mkono wake, akasema, "Nilisikia dada yangu amekubali ngamia wauzwe. Neno la nusu silikumbuki."

Silikumbuki. Hakuapa, nadhani aliogopa kuapa. Mzee akaniuliza kama nina shahidi mwingine, nikasema nilidhani huyu anatosha. Wakasoma dua, wakaondoka, na lori likawa la Bishar lote, kuanzia kioo hadi nati. Baadaye nilisikia kilichokuwa nyuma ya ule usahaulifu. Bishar alikuwa amemwahidi usukani, awe dereva, yeye Bishar akae Griftu na duka na Sahara. Kaka yangu alitamani sana kuwa dereva. Usukani ningempa mimi, angeniomba tu.

Waliondoka asubuhi iliyofuata kikao kile cha wazee. Nilikuwa uani nafungua kamba yangu ya nguo kutoka kwenye kioo, maana waliotaka kuondoka na lori wasingeondoka na kamba yangu. Abiria walikwisha kupanda juu ya magunia, kina mama na vitoto, mzee mmoja na kuku wake, wakijifunika nyuso kwa ajili ya vumbi. Bishar alikuwa barabarani akimpigia mtu kelele kuhusu turubai. Yusuf akaja kwangu akiwa ameshika funguo. Nilidhani anakuja kuomba radhi, na nikasimama na kamba mkononi, na Mungu anajua kama angeomba pale ningempa. Alikohoa. Akaniuliza, "Kaltuma, oili umeiangalia?"

Nilimtazama mpaka akaangalia chini. Nilikuwa nimeiangalia. Niliamka alfajiri nikaiangalia, na maji ya rejeta, na springi, kwa sababu walio juu ya magunia hawakunikosea kitu, na kwa sababu mikono yangu haikujua kulala asubuhi ya safari. Nikamwambia iko sawa. Ningeweza kumwambia lolote. Lori lilikuwa limesimama pale, stiki iko mahali pake, na yeye alijua alichonifanyia mbele ya wazee. Lakini hakuinua boneti, hakuvuta stiki wala hakuinama kutazama nati. Alichukua neno langu, akapanda akakaa nyuma ya usukani, akawasha injini na kwenda zake.